Njia ya Kwenda Tu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili tusichoshane, kwa sababu mtaani kwetu wapo watu wawili watatu wanaokisimulia kisa hiki kila wakipata kiti, na kila mmoja hunibandika ujinga ambao sikuufanya. Nilioufanya mwenyewe unatosha.

Kazi yangu ni kuchora alama za barabara. Kazini wananiita Mshale. Nimepaka vivuko mbele ya shule, nimeandika SIMAMA kwenye lami mpaka magoti yakaota sugu, na nimetukanwa na madereva wa kila aina, kuanzia wa baiskeli hadi wa magari ya maiti. Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa lori. Niliacha siku nilipoliegesha lori ndani ya duka la mtu. Lingeishia mlangoni ningesema ni bahati mbaya. Mimi niliingia mpaka kwenye rafu za sabuni. Mwenye lori, ambaye sisi madereva tulimwita tajiri, alinitazama nikitoka kwenye mapovu, akasema neno moja tu: “Ufunguo.” Nikampa. Ndipo nikajua kwamba mtu anaweza kubadilishwa kazi kabla hajajipangusa uso.

Basi, daraja la barabara kuu likakatika, na ili magari yaendelee kupita ikabidi wayapitishe kwenye uwanda. Uwanda ule zamani ulikuwa ziwa. Sasa ni mkavu, mpana, hauna mti, hauna kilima, huna cha kushika kwa macho. Ukizungushwa mara moja ukiwa umefumba macho, utaapa kwamba kwenu kumehama. Na si pote panapofaa kukanyagwa: sehemu nyingine juu ni ganda la chumvi, chini ni tope. Injinia wetu, mama mfupi mwenye sauti ndogo ambayo huisikii mpaka umeshakosea, akapima njia salama ya kilomita thelathini na nne, akanikabidhi trekta, dereva wake, mapipa mawili na magunia ya chokaa.

“Jiwe kila mita mia mbili,” alisema. “Pipa lenye mshale kila kona, na kona ni mbili. Na Mshale, alama zionekane kwenda na kurudi.”

“Injinia, unamfundisha samaki kuogelea?”

“Samaki haandiki ripoti. Wewe utaandika.”

Siku mbili za mwanzo nilipaka mawe pande zote. Ya tatu nikaona chokaa inayeyuka kama mshahara, na mawe bado. Hapo nikajiona nina akili kuliko watu wote wa ofisini. Nikajiuliza: dereva anatazama upande gani wa jiwe? Upande unaomkabili. Sasa huu wa nyuma nampakia nani, fisi? Toka hapo nikapaka uso mmoja tu, ule niliokuwa nauona mimi nikienda, na mapipa nikayachora mshale upande huo huo. Chokaa ikabaki gunia zima. Nilifurahi kama niliyeokota.

Mtaniuliza, wakati wa kurudi hukuona? Wakati wa kurudi nililala. Nilijitandaza chali kwenye tela la trekta, juu ya magunia matupu, kofia usoni, na dereva akafuata alama za matairi yake mwenyewe mpaka nyumbani. Kesho yake nikajaza fomu. Palipoandikwa “Njia imekaguliwa kwenda na kurudi” nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Wiki moja baadaye, kabla gari jingine halijapita, upepo ulikuwa umeshafuta alama za matairi, na tajiri akamtafuta binti yangu.

Ni tajiri yuleyule wa mapovu. Binti yangu alikuwa utingo wake kwa miaka mitatu, anapakia, anashusha, analala chini ya gari akifunga bolti, na leseni ya udereva anayo mfukoni imeanza kukunjika pembe. Kila akiomba kupewa gari, tajiri alikuwa anacheka na kusema, “Wewe damu yako naijua, inapenda maduka.” Safari hii madereva wake wawili walikuwa wamekwama upande wa pili wa nchi. Mama mmoja mfugaji, ambaye wote tunamwita Mama Mabanda, alikuwa ameagiza vifaranga elfu tatu wa siku moja kutoka kituo cha kutotolesha, ng'ambo ya uwanda. Vifaranga wa siku moja hawasubiri. Jua likiwa kali wakiwa bado ndani ya maboksi, unafikisha maboksi tu.

“Nakujaribu kwa safari hii moja,” tajiri alimwambia. “Nenda mchana, lala huko, pakia asubuhi, uwe hapa saa nne. Ukileta mzigo mzima, lori dogo ni lako. Ukipotea, unarudi chini ya gari, na usiniombe tena.”

“Sitapotea, tajiri. Njia ina alama.”

“Na aliyeziweka atakaa pembeni yako,” nikadakia mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza. Tajiri alinitazama kama mtu aliyesikia harufu ya sabuni. Lakini Injinia alikuwa ameagiza kila gari la mara ya kwanza liwe na mtu anayeijua njia, na mtu huyo kwenye karatasi nilikuwa mimi.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Mawe yanatujia meupe, moja baada ya lingine, kama meno ya mtu anayecheka. Nilikuwa nayahesabu kwa sauti. Kwenye pipa la kwanza mshale ulituambia kulia, tukakata kulia. La pili likatuambia kushoto, tukakata kushoto.

“Unaona?” nikamwambia. “Hata kipofu anafika.”

“Naona, baba. Umelisema kuanzia jiwe la kumi na mbili.”

Nilikuwa nimepakia pia vigingi thelathini vya mbao vilivyobaki kazini kwangu na kibao changu cha bati zito, kilichokatwa tundu la mshale, kile ninachokiweka kwenye pipa na kupaka juu yake. Nilisema ni vya kuongezea alama. Ukweli nilitaka watu wa kituo cha vifaranga wavione.

Asubuhi tuliondoka saa kumi na mbili, maboksi thelathini nyuma, kila boksi lina vifaranga mia, na sauti yao ni kama mvua inayonyesha kwenye sufuria. Dirisha wazi, hewa ya baridi, binti yangu ameshika usukani kwa mikono miwili, mgongo haugusi kiti. Tukaacha uzio wa kituo, tukaingia uwandani, alama za matairi yetu ya jana zimefutwa na upepo wa usiku. Dakika tano. Dakika kumi.

“Baba, mawe yako wapi?”

“Yapo. Endesha.”

“Naona mawe mengi. Meupe ndiyo siyaoni.”

“Jua bado halijapanda. Yatang'aa.”

Jua likapanda. Uwanda mzima ukajaa mawe ya kahawia, yaliyopangwa na Mungu tangu kuumbwa dunia, na katikati yake yalikuwemo ya kwangu, na sikuweza kuyatofautisha. Jasho likaanza kunitoka nyuma ya masikio. Nikajitia natafuta kitu chini ya kiti.

“Nimeliona moja,” akasema binti yangu.

“Si nilikwambia.”

“Liko kwenye kioo cha pembeni.”

Nikatazama kioo. Kweli, nyuma yetu, jiwe jeupe zuri lilikuwa linatukodolea macho, linazidi kuwa dogo. Tukalipita jingine la kahawia. Punde likageuka jeupe kwenye kioo. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyekumbuka amefunga mlango na kuacha ufunguo ndani.

Sasa mtu mwenye akili angesema hapo: mwanangu, nimekosea. Mimi nilisema, “Hayo ni ya kuthibitisha. Unapita kwanza, halafu yanakuthibitishia.”

Aligeuza kichwa, akanitazama muda mrefu kuliko unavyofaa kwa mtu anayeendesha. Akapunguza mwendo, jicho moja mbele, moja kwenye kioo, maana ukiyaona mawe matatu kwenye kioo yamenyooka, ukiendelea mbele na mstari uleule huendi mbali na njia. Yeye aliligundua hilo, si mimi. Tukaenda hivyo mpaka kwenye pipa.

Pipa lilitukabili na kutu tupu. Akasimamisha gari. “Hapa ndipo jana tulikata.”

“Subiri, nikasome mshale.”

Nikashuka kwa madaha, nikazunguka pipa, nikasimama mbele ya kazi yangu. Mshale safi, kingo zimenyooka, hautoi chozi hata moja la rangi. Unaonyesha kushoto. Nikarudi kwenye gari nikiwa na heshima yangu imerudi kidogo.

“Kata kushoto.”

“Baba, jana tukienda tulikata kushoto hapa. Leo tunarudi.”

“Pipa limesema kushoto.”

“Kushoto kwa nani? Nimeuona mkono wako ukiufuata mshale. Ulikuwa unaonyesha huku tulikotoka.”

“Nani ameuchora?”

“Wewe.”

“Basi.”

Lile “basi” nimelijutia kuliko duka la sabuni. Aliuma mdomo. Mezani kwetu hajawahi kunijibu vibaya, na nilijua, na nikalitumia hilo. Akaingiza gia, akakata kushoto.

Mita mia moja hivi zilikuwa ngumu na laini, kama sakafu. Nikaanza hata kupiga mluzi. Kisha tukasikia chini yetu mlio kama biskuti inavunjika, lori likainama kwa adabu, na gurudumu la nyuma upande wangu likaingia topeni mpaka kwenye ekseli.

Akazima injini. Vifaranga wakanyamaza kidogo, kisha wakaanza upya, kwa nguvu zaidi. Saa ya dashibodi ilisema saa moja na nusu, na zilikuwa zimebaki kilomita ishirini na kitu.

“Mwanangu,” nikaanza.

“Shuka, baba.”

Alisema taratibu, kama unavyomwambia mteja aliyefika kituo chake. Nikashuka.

Nitasema ukweli: sijawahi kumwona mtu akifanya kazi vile. Kwanza tulishusha maboksi yote, tukayapanga kwenye kivuli cha lori yakiwa na nafasi kati yao, akafungua vifuniko nusu ili wapate hewa. Halafu akachimba nyuma ya gurudumu kwa koleo, akaniachia mimi mikono. Akaomba vigingi vyangu. Vyote thelathini, vyenye vichwa vyeupe nilivyovichovya mwenyewe kimoja kimoja, vikalazwa topeni kama kuni. Havikutosha. Akatazama kibao changu.

“Hicho kina miaka kumi na moja,” nikasema. “Nimekikata kwa mkono.”

“Lete.”

Tukakiweka mwisho wa vigingi. Akapanda, akarudisha nyuma taratibu, gurudumu likavitafuna vigingi, likapanda kibao, likakibonyeza. Tope likapenya kwenye tundu, likasimama juu ya bati: mshale mzito mweusi, unaonyesha nyuma ya lori, kule tulikotoka. Ulikuwa mshale wangu wa kwanza sahihi tangu asubuhi. Kisha kibao kikakunjika kama chapati, na lori likatoka.

Alirudi kinyumenyume juu ya alama zake za matairi, mita mia zote, mpaka kwenye pipa, na mimi nyuma yake kwa miguu, nikibeba maboksi mawili mawili kutoka topeni. Safari kumi na tano. Mwisho nilikuwa napumua kama mashine ya kusaga, na kila boksi lilikuwa linanizomea.

“Sasa sikiliza, baba,” akasema tulipokwisha kupakia. “Mimi kioo kinanionyesha kidogo. Wewe utakaa nyuma, na maboksi, utazame tulikotoka. Ukiona jeupe, piga bodi mara moja. Ukikaa muda bila kuona, piga mara mbili, nisimame.”

“Mbele siwezi kukaa?”

“Mbele unaongea.”

Ndivyo mimi, Mshale, mchora alama mwenye miaka kumi na moja ya utumishi, nilivyosafiri kwenye njia yangu mwenyewe: nimekaa kinyume juu ya tairi la akiba, katikati ya vifaranga elfu tatu, natazama kule nisikokwenda. Jiwe linapita ubavuni likiwa la kahawia, linageuka jeupe, napiga bodi. Pu. Linalofuata. Pu. Mawe yalikuwa mazuri. Niliwaza hivyo hata pale, na vumbi mdomoni. Ningekuwa gari linalokwenda kinyumenyume, hakuna njia ambayo ingenifaa zaidi.

Kwenye pipa lililobaki alisimama, akaniita nishuke nikasome.

“Mshale unaonyesha wapi?”

“Kulia,” nikasema. Nikafikiri. Nikatazama viatu vyangu. “Lakini labda…”

“Asante,” akasema, akakata kushoto.

Kuanzia pale ilikuwa ile sehemu ya siku mbili za mwanzo, niliyopaka pande zote. Mawe yakawa meupe mbele na meupe nyuma. Lori likaongeza mwendo. Mimi bado nilipiga bodi kila jiwe, hakuna aliyeniambia niache.

Tuliingia uani kwa tajiri saa nne na dakika ishirini na tano. Mama Mabanda alikuwa anatusubiri na pikapu lake, leso begani, uso haujafunguka. Akafungua maboksi moja moja, akiingiza mkono kama anayetafuta sindano. Waliokufa walikuwa arobaini na mmoja. Binti yangu alisimama pembeni, tope mpaka magotini, midomo inahesabu pamoja naye bila sauti.

“Kituoni huwa wanaongeza wawili kwa kila mia,” akasema Mama Mabanda mwisho. “Kwa hiyo nyongeza ni sitini. Wangu elfu tatu wametimia, na kumi na tisa juu.” Akamgeukia binti yangu. “Uliwafungulia vifuniko?”

“Niliwafungulia, mama.”

“Inaonekana.” Akaanza kuwahamisha kwenye pikapu, taratibu, bila haraka. Alikuwa anawasikiliza.

Tajiri alikuwa hasikilizi vifaranga. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya lori, anachokonoa tope kwenye ekseli kwa kijiti. Alipoinuka ufunguo ulikuwa tayari kiganjani mwake, alishauchomoa.

“Njia ina alama,” akasema. “Injinia ameniapia. Fomu nimeiona, imekaguliwa kwenda na kurudi. Mtu anapoteaje kwenye njia yenye alama?”

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wangu. Nikinyamaza, fomu yangu inabaki safi na binti yangu anarudi chini ya gari. Nikisema, kesho nitamsikia Injinia kwa ile sauti ndogo.

“Tajiri, kosa ni langu. Mawe nimeyapaka upande mmoja. Kwa kurudi hayaonekani. Na pale kwenye pipa yeye alikataa kukata kushoto, mimi nikalazimisha.” Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini mdomo huu sijui nani aliuzaa. “Ingawa, tajiri, kwa kwenda kazi ile ni safi. Nenda kaone. Na ukiyatazama kwa kinyume…”

“Mshale.”

“Naam.”

“Nyamaza.” Akamgeukia binti yangu. “Nimemsikia baba yako. Nakubali, yeye ni yeye. Lakini kwenye kiti cha dereva hakukaa yeye. Usukani alishika nani?”

“Mimi, tajiri.”

“Na ukakata kushoto ukijua ni kulia.”

“Nikijua.”

“Kwa sababu gani?”

“Kwa sababu ni baba yangu.”

“Unaona sasa. Kesho atakaa mwingine pembeni yako, mjomba, shangazi, askari, akuambie ingia dukani, utaingia. Mimi natafuta dereva. Watoto wenye adabu wapo wengi.”

Mama Mabanda aliacha boksi alilokuwa ameshika. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga, kwa mara ya kwanza siku ile. Binti yangu akajifuta mkono kwenye suruali, mbele na nyuma, akaunyoosha, akauchukua ufunguo kutoka kiganjani kwa tajiri, naye tajiri, sijui ni mshangao au ni nini, hakukunja vidole.

“Kwenda ulinipa alama, tajiri, nikafika,” akasema. “Kurudi ulinipa baba, na bado nimefika. Sasa nipe lori peke yake.”